Kifaru cha Christie: Kilichokataliwa Marekani, na Kilichobaki Ndani ya T-34

Swali: "Nimesikia mara nyingi kwamba T-34, kifaru cha Warusi kilichowasumbua Wajerumani, asili yake ni kifaru cha majaribio cha Mmarekani mmoja aitwaye Christie. Wanasema jeshi la Marekani lilikikataa kwa ujinga, Warusi wakakiokota. Ni kweli? Kilikuwa na nini cha ajabu? Na hivi vifaru vya Type 59 vya JWTZ tunavyoviona kwenye gwaride, navyo ni vya ukoo huo?"

Jibu:

Habari uliyoisikia ina ukweli, ila imetiwa chumvi. T-34 ilirithi kwa Christie miguu yake: yale magurudumu makubwa, springi ndefu zilizofichwa ubavuni, na namna gurudumu la kuendesha linavyoikamata cheni. Mwili, deraya (yaani bamba za chuma za kinga), mzinga na injini ni kazi ya mafundi wa Kisovyeti wenyewe. Na Wamarekani waliokikataa hawakuwa wajinga. Walikipima kama kifaru kizima, na kwa kipimo hicho kilikuwa na kasoro ambazo nisingependa mwanangu apelekwe nazo vitani.

J. Walter Christie alizaliwa New Jersey mwaka 1865. Kabla ya kugusa silaha alikuwa mtu wa magari ya mashindano, na alishikilia kwamba injini na magurudumu ya kuendesha vikae mbele ya gari. Mwaka 1907 alikwenda Ufaransa kushindana kwenye Grand Prix na gari alilolitengeneza mwenyewe, lenye injini ya silinda nne tu lakini ujazo wake karibu lita 20. Hakumaliza mbio. Baadaye alipata riziki kwa kutengeneza vichwa vya kuvutia pampu za zimamoto ambazo mpaka hapo zilikuwa zikivutwa na farasi, na vikauzika sana. Nakutajia haya kwa sababu tabia ya mtu huyu ni nusu ya kisa. Alikuwa fundi mwenye kipaji cha kweli, asiyevumilia kuelekezwa. Ukimpa kazi yenye masharti, alikutengenezea kile alichoona yeye kinafaa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha alilitengenezea jeshi la Marekani kifaru cha wastani, modeli ya 1919, kilichoweza kutembea kwa cheni au kwa magurudumu matupu. Wazo hilo halikuwa mchezo. Cheni za wakati ule zilikuwa zikichakaa na kukatika baada ya safari fupi, kwa hiyo kifaru kilichoweza kuvua cheni zake barabarani na kuzivaa tena karibu na uwanja wa mapambano kilikuwa na faida ya wazi. Lakini modeli ile ilikuwa na springi duni, ilikuwa ngumu kuiendesha, na marekebisho ya mwaka 1921 hayakuiokoa. Jeshi likaiacha.

Mwaka 1928 Christie alirudi na mashine nyingine kabisa. Aliiita Modeli ya 1940, kwa imani kwamba amewatangulia wenzake kwa miaka 12. Uzito wake haukufika tani 9, na ndani yake mlikuwa na injini ya ndege aina ya Liberty, silinda 12, nguvu za farasi 338. Ilipoonyeshwa kwa maofisa huko Fort Myer, Virginia, watu walishika vichwa: kilomita takriban 68 kwa saa ikiwa na cheni, na takriban 110 kwa saa kwa magurudumu. Kumbuka kwamba kifaru chepesi cha jeshi la Marekani miaka hiyo, M1917, kilikuwa kikitembea kilomita 9 kwa saa kikijitahidi.

Injini kubwa peke yake isingetosha. Ukikiendesha kifaru cha zamani kwa kasi ile porini, kingejivunja chenyewe na kuwavunja waliomo. Siri ilikuwa chini, na hapa nakuomba tuiangalie kwa karibu.

Vifaru vingi vya wakati huo vilikuwa na magurudumu madogo mengi, yaliyofungwa kwa makundi juu ya springi ngumu. Gurudumu likikutana na jiwe lilipanda sentimita chache tu, kisha kishindo kinachobaki kinaingia kwenye mwili wa kifaru. Christie aliweka magurudumu manne makubwa kila upande, yaliyovishwa mpira, na kila gurudumu akalipa mkono wake wa chuma na springi yake ya koili, likajitegemea bila kulivuta la jirani. Shida ni kwamba springi inayoliruhusu gurudumu kupanda sana lazima iwe ndefu, na springi ndefu haina pa kukaa chini ya kifaru. Hapo ndipo akili yake ilipong'aa. Aliujenga ubavu wa kifaru kwa kuta mbili, wa nje na wa ndani, na springi akazificha katikati ya kuta hizo. Gurudumu linapopanda, mkono wake unazunguka na kuibana springi humo ndani. Nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka ikawa zaidi ya mara mbili ya ile ya kifaru chake cha 1919. Kifaru kikaruka mtaro, magurudumu yakateremka yenyewe kuifuata ardhi, yakatua, yakapanda tena.

Gurudumu la kuendesha lilikuwa nyuma, nalo halikuwa na meno ya kawaida. Lilikuwa na roli, yaani vigurudumu vidogo vinavyozunguka. Bamba za cheni, moja ndiyo moja siyo, zilikuwa na pembe katikati. Roli ikaikamata pembe na kuivuta. Pembe hizohizo zilipita katikati ya magurudumu, ambayo yalikuwa pacha, zikaizuia cheni isichomoke pembeni. Ni ufumbuzi rahisi na mzuri kiasi kwamba Warusi waliubakiza mpaka kwenye T-34.

Kutembea bila cheni nako kulikuwa na utaratibu wake. Askari walizifungua, wakazifunga kwenye ubao wa chuma juu ya magurudumu, kisha gurudumu la mwisho la kila upande likaunganishwa na lile la kuendesha kwa mnyororo kama wa pikipiki. Magurudumu ya mbele yakakatwa kwa usukani kama ya lori. Kazi yote ilichukua kama nusu saa. Kwenye lami ya Marekani, kifaru kikaondoka kama gari dogo.

Sasa tuje kwenye kukataliwa. Mashine ya 1928 haikuwa na hata mnara wa mzinga. Ilikuwa maonyesho ya mwendo. Modeli iliyofuata, inayojulikana kama M1931, ndiyo iliyopewa mnara, mzinga wa milimita 37 na bunduki ya rashasha. Jeshi lilinunua saba. Vitatu vilikwenda kwa askari wa miguu vikiitwa Kifaru cha Wastani T3. Vinne vilikwenda kwa kikosi cha farasi, lakini huko havikuitwa vifaru, viliitwa magari ya mapambano, T1. Sababu ni kwamba sheria ya ulinzi ya mwaka 1920 ilikuwa imekivunja kikosi maalumu cha vifaru na kuwakabidhi askari wa miguu vifaru vyote. Wapanda farasi walioutaka mwendo wa Christie ilibidi waupitishe kwa jina jingine. Mimi naiona sheria ile kuwa kosa kubwa kuliko chochote ambacho jeshi lilimfanyia Christie, kwa sababu ilimpa mashine ya kasi mtu ambaye kazi yake ni kutembea na askari kwa miguu.

Lakini chukua nafasi ya ofisa aliyekabidhiwa T3 aijaribu. Deraya yake haikuzidi milimita 16: inazuia risasi za bunduki, haizuii mzinga mdogo hata mmoja wa kupigia vifaru. Ndani mna watu wawili. Mmoja anaendesha. Wa pili, peke yake mnarani, anatakiwa kuongoza kifaru, kutafuta adui, kujaza risasi, kulenga na kufyatua, yote katika chombo kinachokimbia. Hakuna binadamu wa kuyafanya hayo vizuri. Na wa tatu hana pa kukaa, kwa sababu zile kuta mbili zenye springi zimekula upana wa ndani. Injini ya Liberty iliundwa mwaka 1917 kwa ajili ya ndege. Ilikuwa bei nafuu kwa kuwa maghala yalijaa masalia ya vita, lakini haikuumbwa kufungiwa kwenye sanduku la chuma lenye vumbi. Christie aliwajibu wakosoaji kwamba kasi ndiyo kinga. Kasi husaidia, sikatai. Ila kifaru hakikimbii saa zote. Kuna kupanda mlima, kuvuka mto, kukwama matopeni, na kusimama ili ulenge.

Ongeza hapo fedha. Hii ilikuwa miaka ya Mdororo Mkuu wa Uchumi, na bajeti ya jeshi la Marekani ilikuwa imebanwa mpaka pumzi ya mwisho. Ongeza na tabia ya mzee mwenyewe. Christie alichelewesha kazi, alibadilisha michoro bila kuuliza, aligombana na Idara ya Silaha mwaka hadi mwaka. Poland ilisaini naye mkataba mwaka 1930 ikampa na malipo. Kifaru hakikufika, na ilibidi arudishe fedha. Mwaka 1932, jeshi la Marekani lilipotaka vifaru vingine vitano vya aina ileile vilivyoboreshwa na kupanuliwa ndani ili vichukue watu zaidi, kazi ilipewa kampuni ya American LaFrance, watengenezaji wa magari ya zimamoto. Lilimkimbia Christie, halikuyakimbia magurudumu yake. Uamuzi huo unanionyesha wazi kwamba thamani ya wazo lake walikuwa wameiona.

Upande wa pili wa dunia palikuwa na mnunuzi mwenye haja tofauti. Umoja wa Kisovyeti ulikuwa ndiyo kwanza unajenga viwanda, na Innokenty Khalepsky, mkuu wa idara ya mitambo ya Jeshi Jekundu, alikuwa amezunguka Ulaya na Marekani akitafuta mashine za kununua na kujifunzia. Mkataba na Christie ulisainiwa Aprili 1930: vifaru viwili, vipuri, na haki ya kuvitengeneza kwa miaka 10. Marekani ilikuwa bado haijautambua rasmi utawala wa Moscow. Mwishoni mwa mwaka huo vifaru vikapakiwa melini bila minara wala silaha, vikiandikishwa kama matrekta ya kilimo.

Nataka uitazame vizuri hali ya mzigo huo ulipofika. Hakuna mnara. Hakuna mzinga. Michoro haijakamilika. Kilichofika Kharkiv, mji wa Ukraine, kwenye kiwanda cha vichwa vya treni, kilikuwa mwili mwembamba wa chuma, injini, na miguu. Kila kilichobaki ilibidi wakiunde wenyewe, na walikiunda kwa haraka ya kutisha: tarehe 7 Novemba 1931 mifano ya kwanza ilipita kwenye gwaride la Red Square. Walikiita BT, yaani kifaru cha kasi. Zikafuata BT-2, BT-5 na BT-7, zote pamoja zaidi ya 7,000. Hapo ndipo wengi wanapoteleza wanaposimulia kisa hiki. Wanadhani Warusi walikuwa na jicho la kuona kilichofichika kwa Wamarekani. Jicho lao lilikuwa la kawaida. Walichokuwa nacho ni nia ya kutengeneza maelfu ya kitu chenye kasoro, kukitumia, na kukisahihisha kwa miaka 8 mfululizo. Jeshi lenye vifaru saba haliwezi kujifunza kwa namna hiyo, hata likiwa na wahandisi bora kuliko wote.

Na somo liliwagharimu. Hispania tangu mwaka 1937, kisha Khalkhin Gol, mpakani mwa Mongolia, mwaka 1939 dhidi ya Wajapani, BT ziliwaka. Deraya nyembamba na mafuta ya petroli ni mchanganyiko mbaya. Hata wanadamu walioubeba mradi waliteketea, kwa mkono wa serikali yao: Khalepsky, na Afanasy Firsov aliyeongoza ofisi ya wabunifu Kharkiv, wote walikamatwa na kuuawa katika msako wa Stalin wa 1937 na 1938. Naona ni wajibu kulitaja jina la Firsov, kwa sababu sifa za T-34 zimezoeleka kupewa mtu mmoja tu.

Mtu huyo ni Mikhail Koshkin, aliyechukua nafasi ile. Agizo alilopewa lilikuwa kuunda BT mpya, bado yenye uwezo wa kuvua cheni. Yeye na wenzake, akiwemo Aleksandr Morozov, wakaona kwamba nchi yenye barabara za matope haina haja na kifaru cha kukimbia kwa magurudumu. Mitambo ile ya kugeuza ilikuwa uzito wa bure. Basi wakaunda viwili: A-20 ya kutii agizo, na A-32 ya cheni peke yake. Uzito uliookolewa kwenye A-32 ukaingia kwenye deraya na mzinga mkubwa zaidi. Majaribio ya 1939 yakawapa haki, na Desemba mwaka huo kifaru kilichotokana na A-32 kikapokelewa kuwa T-34.

Kiweke pembeni ya M1931 ulinganishe. Magurudumu yamekuwa matano kila upande badala ya manne. Uzito umepanda kutoka karibu tani 10 hadi tani 26. Deraya ya mbele ni milimita 45 iliyolazwa sana ili risasi iteleze. Ulazaji huo wa kuta zote Warusi walikuwa wameufanyia majaribio yao wenyewe kwenye BT. Mzinga ni milimita 76. Injini ni ya dizeli, V-2, nguvu za farasi 500. Cheni zina upana wa sentimita 55, zaidi ya mara mbili ya zile za Christie, ndiyo maana T-34 ilielea juu ya theluji na matope ambayo vifaru vya Wajerumani vilizama. Kilichobaki cha Mmarekani ni mikono, springi, magurudumu makubwa yasiyo na roli ndogo za kushikilia cheni juu, na lile gurudumu la kuendesha lenye roli zake.

Hata miguu hiyo ilikuwa na gharama. Springi bila shokapu hurusha kifaru mbele na nyuma kwa muda mrefu baada ya tuta moja, na mpiga mzinga wa T-34 hakuweza kulenga vizuri kikiwa kwenye mwendo. Zile springi ndefu ziliendelea kula nafasi ya ndani, na ubanano ndani ya T-34 ni lalamiko la kila aliyewahi kuketi humo. Warusi walilijua hilo mapema. Kabla Wajerumani hawajavamia Juni 1941, tayari palikuwa na mpango wa T-34 mpya yenye nondo za msokoto: nondo ndefu inayolala sakafuni kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, ambayo hujipinda gurudumu linapopanda na hivyo haihitaji kuta mbili. Vita ikauzuia mpango huo, kwa kuwa kusimamisha viwanda wakati ule kungekuwa kujiua.

Waingereza nao waliingia njia hiyohiyo, kwa mlango wa nyuma. Giffard Martel, ofisa wao, aliziona BT zikikimbia kwenye mazoezi ya Jeshi Jekundu mwaka 1936, akarudi nyumbani akishikilia kwamba lazima Uingereza ipate springi zile. Kampuni ya Morris ikanunua kifaru kimoja kwa Christie mwaka huohuo. Waingereza waliutupa uwezo wa kuvua cheni tangu siku ya kwanza, ila walichukua na injini ya Liberty, na injini hiyo ya mwaka 1917 ikawa inasukuma vifaru vya Crusader jangwani Misri na Libya robo karne baadaye, ikiteseka kwa joto na mchanga. Cromwell iliyofuata ilibaki na springi za Christie, ikaongezwa shokapu na injini ya kisasa, nayo ilikuwa nzuri kweli.

Christie mwenyewe hakutajirika. Aliendelea kuunda vifaru vyepesi zaidi na vya kasi zaidi, kimoja akakipangia kibebwe na ndege, huku deraya ikizidi kupungua. Alifariki mwaka 1944, wakati T-34 zikiwasukuma Wajerumani kurudi magharibi.

Kuhusu Type 59: ni Mchina aliyeitengeneza kwa kibali cha Warusi kutoka kwenye T-54 yao, na T-54 imetoka kwenye T-44 ya mwaka 1944, ambayo ndiyo iliyoziondoa springi za Christie na kuweka nondo za msokoto. Kwa hiyo ukoo upo, ila mguu wenyewe umebadilishwa. Siku ya gwaride, kikipita karibu nawe, angalia ubavuni. Utaona magurudumu makubwa matano, pengo kati ya la kwanza na la pili, na cheni iliyolala juu ya magurudumu bila roli za kuishikilia. Sura hiyo inatoka kwa Christie. Kisha tazama gurudumu la nyuma kabisa linalovuta cheni: lina meno, si roli tena.